Wikendi ya gofu Naivasha: ukishaweka fimbo chini, lipia nini kwanza?

Kila mara tukienda Naivasha wenzangu wanapanga gofu tu, mashimo 18 asubuhi halafu mchana wote watu wamekaa kwa simu. Na ziwa liko pale! Mi nimeshazunguka huko vya kutosha, kwa hivyo hii ndio orodha yangu.

Namba moja ni Hell's Gate kwa baiskeli, hata usifikirie mara mbili. Ni mojawapo ya mbuga chache Kenya unapita na baiskeli katikati ya pundamilia, swala na twiga bila gari, njia karibu yote ni tambarare na pale Fischer's Tower watu wanapanda mwamba kwa kamba. Baiskeli zinakodishwa nje ya geti, jaribu breki zote mbili kabla hujatoa pesa, mimi nilipewa moja ambayo breki ya nyuma ilikuwa ya mapambo tu nikateremka kwa miguu kama mpira wa breki. Kiingilio unalipa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, kwa hivyo usije umebeba noti. Korongo la Ol Njorowa mle mbugani mvua ikinyesha achana nalo kabisa, 2019 maji ya ghafla yalisomba watu humo wakafa, na mvua yenyewe inaweza kuwa imenyesha mbali wewe uko juani.

Ya pili boti. Bei ni ya boti nzima kwa saa sio ya kichwa, so mkiwa wanne wa gofu mnagawana na inakuwa rahisi sana, ila patana kabla hujapanda na udai laifujaketi. Utaona viboko, utaona furukombe akishuka kuchukua samaki, halafu mwambie nahodha awashushe Crescent Island mtembee kwa miguu na twiga, kiingilio cha pale ni chake mwenyewe. Hii ndio ningemchagulia mtu amekuja na mama mkwe ama watoto.

Tatu, bwawa la maji ya moto Olkaria, maji yanatoka kwa mvuke wa ardhini na mgongo baada ya mashimo 18 utashukuru. Liko ndani ya Hell's Gate, maanake ukilifunga pamoja na baiskeli siku hiyo hiyo unalipa kiingilio cha mbuga mara moja, ukienda siku tofauti unalipa tena.

Longonot naiweka mwisho na najua watu watanipigia kelele. Mlima ni mzuri, mita 2,776, lakini kupanda hadi ukingoni halafu kuzunguka kreta inakula saa nne tano, kivuli hakuna, na kesho yake ukisimama kupiga mpira miguu inatetemeka. Kama lazima, panda siku ya kurudi Nairobi maana iko njiani, anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na maji lita mbili.

Samaki wa kukaanga kule Kamere, kando ya ziwa, sijaweka kwa orodha kwa sababu hiyo si ya kuchagua, unaenda tu.