TAHADHARI: "Daktari wa miti" anayetoboa mikaratusi ya watu Misungwi na Magu

Wenye mashamba ya miti hapa mkoani Mwanza, kuanzia Usagara na Misungwi mpaka Kisesa na Magu, na ninyi wa ng'ambo Sengerema: kuna watu wanazunguka vijijini wakijiita wataalamu wa afya ya miti. Wakifika kwako, usiwaache waguse hata shina moja. Na akija mtu baadaye kutaka kununua miti yako "kabla haijafa", ujue ni kundi lilelile.

Wanakuja wawili kwa pikipiki. Mmoja ana fulana ya kijani na kitambulisho shingoni ambacho ukikisoma hukioni jina la ofisi yoyote. Adabu wanayo. Shikamoo zao hazina kasoro, na wanauliza habari za ng'ombe na mvua kabla hawajataja miti. Wanapenda kuja kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Kiangazi mkaratusi wenye afya unaonekana kama mgonjwa. Gome linabanduka vipande virefu na kuning'inia, majani yanapukutika ili mti upunguze kupoteza maji, matawi ya chini yanakauka kwa kukosa mwanga. Yote hayo ni kawaida ya mti.

Basi yule bwana anazungukazunguka, anatikisa kichwa, anaomba panga. Anakwangua shina. Baada ya muda utomvu mwekundu unatoka, naye anakwambia, "Mzee wangu, unaona damu hii? Ndani kumeshaoza. Na ugonjwa huu unarukia mti wa jirani." Utomvu huo mkaratusi wowote unautoa ukijeruhiwa, ni namna yake ya kuziba kidonda, na kidonda amekifanya yeye mwenyewe mbele ya macho yako. Kisha anakuonyesha udongo wa mchwa uliopanda kwenye gome. Mchwa ni adui mkubwa wa mche mchanga, hapo hadanganyi. Lakini kwenye mti ulioshakuwa nguzo, mara nyingi wanakula gome la nje lililokwisha kufa, hawagusi mti ulio hai.

Ukishaogopa, inatoka dawa. Maji ya rangi ya chai kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo. Jirani yangu, mama mmoja mjane aliyeachiwa shamba na marehemu mumewe, alitozwa shilingi 2,000 kwa kila mti, nusu taslimu na nusu kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi. Wakatoa drili ya betri, wakatoboa mashina kimo cha kiuno, wakamimina, wakaziba kwa udongo. Karibu nusu ya shamba lote.

Hata kama mle ndani mlikuwa na maji matupu, tundu lenyewe ni hasara. Ukungu wa kuozesha mbao unaingilia kwenye kidonda cha namna hiyo, mti unabadilika rangi kwa ndani, na mnunuzi wa nguzo akiona tundu anashusha bei au anaruka mti huo. Kwa mama huyu mambo hayakuishia hapo. Miti iliyotobolewa ilianza kukauka kuanzia kileleni, ile ambayo haikuguswa ikabaki kijani, mstari kwa mstari. Sijapima kilichomo kwenye chupa, kwa hiyo sitasema ni nini. Kila mtu na aamue mwenyewe.

Haukupita muda akaja mnunuzi na gari. Hajaitwa na mtu. Akasema amesikia kuna miti inakufa, yuko tayari kumsaidia mama kwa kuichukua yote kwa jumla, bila kupima unene, kwa bei ya kuni. Wakati huohuo pale mjini Mwanza, Buhongwa na Nyegezi, watu wanajenga na wanatafuta mirunda kila siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 gari halisubiri tena kivuko, mzigo wa Sengerema unaingia mjini upesi. Soko lipo. Anayekuja kukuambia miti yako haina soko ameshajua atakwenda kuiuza wapi.

Mama aliposita, yule mnunuzi akatoa kitisho: miti hii iko karibu na ziwa, serikali itakutoza faini. Huu ni uongo uliochanganywa na ukweli, na ndiyo sababu unauma. Ni kweli Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini shamba lake liko mbali sana na maji, na hata lingekuwa pale ukingoni, mnunuzi wa mirunda si mtu wa kutekeleza sheria hiyo. Bahati nzuri kaka yake mama alifika siku ileile na gari likaondoka tupu.

Sasa msinielewe vibaya, magonjwa ya mikaratusi yapo. Linalojulikana zaidi kwetu ni lile la nyigu mdogo sana, hafiki hata milimita mbili, mwenye asili ya Australia. Alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002, na hapa Tanzania akaripotiwa mwaka 2005. Anataga kwenye mshipa wa katikati wa jani changa na kwenye kikonyo chake, panavimba vinundu vinundu, jani linajikunja. Anashambulia miche, miti michanga na machipukizi ya visiki. Mtu akikuonyesha shina nene na kukwambia nyigu yumo humo, mwulize vinundu viko wapi kwenye majani. Na funza wake anaishi ndani ya kinundu, ndiyo maana kupuliza dawa hakumfikii vizuri. Kinachosaidia ni kuchagua mbegu au aina zinazomstahimili tangu mwanzo, na kung'oa miche yenye vinundu kitaluni kabla haijasambaa.

Mimi nikiona mikaratusi ya hapa kwetu imedhoofika, kwanza naangalia nafasi na udongo. Ekari moja iliyopandwa mita mbili kwa mbili inabeba kama miti 1,000, na wengi baada ya kuvuna wanaacha kila kisiki kiote machipukizi yote kinavyotaka. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata. Na ardhi yetu hii ya mawe, udongo unaweza kuwa mfupi juu ya mwamba, mti ukikua mkubwa unakosa maji na kilele kinakauka. Hakuna chupa inayotibu mwamba.

Mtu akija, mwambie mwende pamoja ofisi ya kata au kwa ofisa misitu wa wilaya. Mkweli atakubali. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Malipo ya serikali yanapita kwa kontroo namba na unapewa risiti, hayatumwi kwenye simu ya mtu. Kiuatilifu halali kina lebo yenye jina, kiambato, matumizi na namba ya usajili, na wanaosajili ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mnunuzi naye mwulize kuhusu kibali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Akikwambia "hayo niachie mimi", usimwachie.

Ukiamua kuvuna, panga wewe. Pima unene, uza mti kwa mti, kata kwa msumeno karibu na mwisho wa kiangazi ili machipukizi yakutane na mvua za vuli. Kisiki kibaki kifupi, kimo cha kiganja hivi, kiwe na mteremko ili maji yasituame, na gome lisichanike. Hawa jamaa wa kukata harakaharaka kwa shoka na panga wanakuachia visiki vilivyopasuka ambavyo havichipui, kwa hiyo unapoteza na mavuno yanayofuata.

Kama wameshatoboa kwako, usitupe chupa wala mabaki ya dawa. Yaweke mbali na watoto na uyapeleke polisi pamoja na ujumbe wa muamala wa simu, kisha waarifu TPHPA. Weka alama kwenye kila mti wenye tundu na uangalie kilele chake. Ukianza kukauka ukate mapema kabla haujaoza, ila kuni zake zisiende kubanikia sangara wala kupikia mpaka ijulikane kilichomiminwa. Nyuki wako kama mizinga iko humo, isogeze. Na mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa leo, maana mara ya mwisho walionekana wakielekea upande wa Magu.