Uzoefu wangu na WhatsApp, mimi nisiyependa mambo ya mitandao

Niseme mapema kwamba hii apu sikuipakua kwa mapenzi. Rafiki zangu wote wamehamia humo na maisha yao, mimi ni mtu wa kupiga simu ama tuonane basi, na nimeingia shingo upande kabisa. Kwahiyo hii rivyuu si ya wale wanaolala na simu mkononi, wao hawaihitaji, hii ni ya mwenzangu aliyevutwa mkono mpaka ndani na sasa yupo kwenye magrupu anashangaa.

Kilichonivuta ni hiki: zamani kukiwa na jambo mtu anakupigia, siku hizi jambo linawekwa kwenye grupu na likishawekwa humo inahesabika umeambiwa. Tarehe imesogezwa, fulani kajifungua, fulani anaumwa, yote huko. Ukiuliza mbona sijaambiwa unajibiwa "si tuliposti kwenye grupu?" Na wala hawakutengi kwa ubaya, ni vile hawakumbuki kama haupo. Nilikuwa napata habari za watu wangu wa karibu kutoka kwa watu baki, hapo ndo nikasema basi yaishe, nipeni hiyo apu.

Sasa ukiisakinisha ukaiacha ilivyo inakutangaza. Picha yako anaiona kila mwenye namba yako, saa uliyoingia mara ya mwisho inaonekana, na yeyote mwenye namba anaweza kukutupia kwenye grupu. Kwahiyo kabla hujamsalimia mtu nenda kwenye setingi, sehemu ya faragha, kaa hapo utulie usome kimoja kimoja. Hii apu kwa mtu kama sisi utamu wake wote upo humo.

Nianze na tiki za bluu maana ndo zinagombanisha watu. Zilikuja mwishoni mwa 2014. Mtu kakutumia ujumbe, umefungua, umesoma, una kazi mkononi unasema nitajibu baadae, yeye kule kaona bluu mbili tayari ushamlia jiwe, anaanza kuuliza watu kwani nimemkosea nini. Ukimwambia nilikuwa na shughuli anakwambia shughuli gani na uliisoma! Bahati nzuri zinazimika, ila ni nipe nikupe, ukizima zako na za wenzako huzioni, na ile ya mara ya mwisho kuingia ni hivyo hivyo, ukificha yako na ya mwenzio inafichwa. Mimi sijaona hasara yoyote, sikuwa na haja ya kujua fulani kaamka saa ngapi. Nina rafiki alinisikiliza akazima, hata siku haikuisha akawasha, anasema bila kuona nani kasoma anajihisi kipofu. Hapo ndo nilielewa kuwa sisi na wao tunatumia kitu kimoja kwa mambo mawili tofauti kabisa. Halafu tangu 2022 unaweza kuficha hata ule uonlaini wenyewe, unaingia unasoma unatoka kama hukuwepo.

Ila kuna mahali huwezi kujificha, nayo ni kwenye grupu. Ukizima tiki, zinazimika za mtu na mtu tu, za grupu zinabaki vilevile, na vois noti nazo ukishaisikiliza aliyetuma anaona. Na uzuri au ubaya wake, tiki za grupu hazigeuki bluu mpaka wote wawe wamesoma. Yaani wenzako wote wamesoma, tiki zimegoma kwa ajili yako peke yako, na mwenye ujumbe wake akiangalia taarifa za huo ujumbe anakukuta umebaki mwenyewe kule chini kwenye wasiosoma. Mwenye kuchati kutwa nzima haonekani, asiyechati ndo anaonekana. Mimi nimeshaitwa kwa jina kwenye grupu, "tunamsubiri yeye tu asome", na kilichokuwa kinasubiriwa ni picha ya mtu kavaa miwani mipya.

Tukiwa hapo hapo kwenye magrupu. Miaka ya nyuma mwisho ilikuwa watu 256, mwaka 2022 wakapandisha hadi 1024, sasa fikiria mmoja aseme hongera halafu wote wafuate. Afadhali mwaka huohuo walileta ile ya kuweka kikopa ama dole juu ya ujumbe, angalau wastaarabu wanabonyeza na kupita. Ninachokushauri weka kwamba wanaoweza kukuunganisha ni wale uliowasevu tu, ipo tangu 2019, mwingine akitaka lazima akutumie mwaliko pembeni na huo mwaliko usipoushughulikia siku tatu unakufa wenyewe. Hakuna kugombana, hakuna "kwanini umelefti". Kulefti nako siku hizi ni kimyakimya, wanaojulishwa ni maadmini peke yao. Kimya lakini sio kihivyo, kuna orodha ya waliotoka, watu wanaweza kuichungulia hadi siku 60, kwahiyo kama ni grupu la ndugu jiandae kuulizwa.

Mimi magrupu mengi silefti, nayamyuti ile ya milele kabisa na kuyaweka akaivu, yanatoka mbele ya macho yanaenda kukaa kivyao, na tangu 2021 hayarudi juu hata wakiandika usiku kucha. Kinachoweza kukuita ni mtu akikutaja kwa jina au akijibu ulichoandika. Hii ndo imeniokoa, nikawaambia rafiki zangu kama kuna jambo linanihusu nitajeni, mkiwa mnapiga soga zenu niacheni. Wengi wameelewa. Mmoja hajaelewa, kila asubuhi ananitaja kwenye picha ya maua na maneno ya baraka. Namvumilia, ni mtu mwema.

Statasi sina la kusema sana. Cha kuchekesha ni kwamba apu yenyewe mwaka 2009 ilianza kwa wazo la kuonyesha statasi tu, kwamba huyu yupo kazini, huyu betri inakata, kuchati kumekuja baada. Hizi za picha za saa 24 zimeletwa 2017. Ukishazima zile tiki unaweza kuziangalia na mwenyewe asijue umeangalia, na wewe ukiposti hutajua nani kaangalia, kwangu mimi ni raha mara mbili. Wengine ugomvi wao ndo unaanzia hapo, "umeiona statasi yangu na hujasema kitu".

Vois noti nilizichukia sana. Mtu anakurekodia maelezo marefu, katikati anasalimiana na watu wanaopita, anakohoa, anasema ngoja kidogo, jambo lenyewe lipo mwishoni kabisa. Tangu 2021 unaweza kuiendesha mbio mara moja na nusu au mara mbili, na hapo uhusiano wangu na watu kadhaa umeimarika sana. Kupiga simu kwa intaneti kwangu ndo kitu bora kuliko vyote, sauti safi kama bando lipo na mtandao umetulia, na kuna rafiki zangu ambao tunapigiana tu, kuchati hatuchati, tunaitumia hii apu ya watu wa kisasa kama simu ya mezani.

Kuhusu usiri, meseji zinafungwa njiani tangu 2016, wenye apu hawasomi mnachoandikiana. Lakini kampuni ni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, waliinunua 2014 kwa karibu dola bilioni 19, na kujua nani anawasiliana na nani ni jambo lingine tofauti na kusoma meseji, kwahiyo usijione upo pangoni. Na hata meseji ikifungwa njia nzima, ikimfikia rafiki yako anaipiga skrinshoti.

Nimeulizwa kama nitaongeza na zile apu nyingine za picha na video, hapana. Niliwahi kuifungua moja, sitaitaja, nikakuta haina mwisho, unashuka tu na yenyewe inaongeza, hakuna hata mahali pa kusema nimemaliza. Hii angalau ujumbe ukiisha umeisha.

Nyota natoa nne kwa tano. Ya tano naishikilia mpaka siku waliosoma na wasiosoma kwenye grupu na wao wafichwe, maana hadi naandika hapa kuna watu wananisubiri nisome kitu.