Kutafuta merikani kwenye magazeti ya Marekani: yaliyonikuta

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na kisa hiki kilianzia duka la vitambaa, Darajani. Mama mmoja wa makamo kutoka Massachusetts alishika jora la pamba nzito, ile isiyopaushwa, akaniuliza inaitwaje. Nikamwambia merikani. Akacheka: "Kwa sababu ilitoka kwetu?" Nikajibu ndiyo, kwa kujiamini kabisa. Ukweli ni kwamba elimu yangu ilikomea hapo hapo.

Usiku nikaingia kutafuta, na nikaanza vibaya: nikalipia. Kuna tovuti ya kumbukumbu za kale, jina nalihifadhi, inayokuonjesha bure siku chache kisha inakata pesa kwenye kadi bila hodi. Ikanikata, na nilichokifuata sikukiona. Rafiki yangu mmoja aliyesomea ukutubi alinicheka sana. "We, magazeti ya Wamarekani yako bure, unalipia nini?"

Alikuwa anazungumzia Chronicling America, hazina ya magazeti ya zamani iliyomo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni mamilioni ya kurasa, kuanzia karne ya 18 hadi 1963. Hujisajili wala huulizwi kadi. Unachagua jimbo, mwaka, hata gazeti lenyewe, na ukurasa ukiupenda unaupakua mzima. Angalizo kwa wa simu kama mimi: kurasa zile ni pana kama mkeka na maandishi kama sisimizi, kwa hiyo utakuza na kukuza, na bando linayeyuka. Tafuta Wi-Fi.

Mimi nilianza na meli ya Sultana. Mwaka 1840 Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, aliipeleka New York ikiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu na sandarusi, pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilifika tarehe 30 Aprili. Nikajua habari kama hiyo haiwezi kukosekana gazetini. Nikaandika "Zanzibar", nikaandika "Sultan", nikaandika "Said". Siku tatu nzima naambulia makapi.

Kilichoniokoa ni ile huduma yao ya kumuuliza mkutubi, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Unajaza fomu fupi, unaeleza unatafuta nini na umeshatafuta wapi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kutembezea wageni. Siku ya nne nikajibiwa, na aliyejibu ni mtu, si mashine: waandishi wa wakati ule walimwita mfalme huyo "Imaum of Muscat", jaribu hivyo. Nikajaribu. Pale pale meli ikaanza kujitokeza, na zawadi nazo zikafuata: wale farasi wawili wa Kiarabu, na Rais Martin Van Buren asiyeweza kuzichukua ziwe zake kwa sababu ya Katiba yao, mpaka Bunge likaingilia kati.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja. Usitafute kwa maneno ya leo. Mtu wa 1917 hakuijua "Vita ya Kwanza ya Dunia" kwa jina hilo, maana ya pili ilikuwa bado. Habari za Wamarekani weusi utazipata kwa "colored" na "Negro", upende usipende. Tena kompyuta ndiyo iliyosoma zile chapa zilizofifia, na kwa magazeti ya karne ya 18 herufi s ya zamani inafanana na f, kwa hiyo neno moja lijaribu kwa sura mbili tatu.

Nikiwa kwenye tovuti hiyo ya Maktaba ya Bunge nilipotea pia kwenye masimulizi ya watu waliozaliwa utumwani, zaidi ya 2,300, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938. Soma taratibu, na ukumbuke kwamba waliokuwa wakiuliza maswali wengi wao walikuwa wazungu. Mzee mweusi wa Alabama miaka ile hakumwambia mzungu kila kitu.

Na merikani yenyewe? Kwa jina hilo huipati. Kwao ilikuwa "sheeting", yaani kitambaa cha shuka tu. Na kwa biashara yake magazeti hayatoshi, unahitaji barua za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari huko Massachusetts, na za Richard Waters, konsuli wao wa kwanza hapa Zanzibar, aliyefika 1837. Barua za Waters ziko maktaba ya Phillips, mji wa Rowley, Massachusetts. Ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ilikausha pamba, Waingereza na Bombay wakachukua soko, jina likabaki kwetu.

Wiki iliyopita nilirudi na wageni duka lile lile, nikafungua simu na kumwonyesha mzee mwenye duka ukurasa wa 1840. Akavaa miwani, akauliza wenyewe walikuwa wakiiitaje merikani.

"Shuka," nikamwambia.

Akalikunja jora lake. "Basi waambie kwangu ni merikani, na bei ni ile ile."