Nairobi Safari Walk na watoto: nenda asubuhi, mtafute swala aitwaye bongo

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo naongea na wazazi wenzangu wa Nairobi, hasa wewe ambaye kila wikendi unaulizwa, "Tutaenda lini kuona simba?" Mimi nimewapeleka wangu wawili, wa miaka 7 na wa miaka 3, Nairobi Safari Walk, pale lango kuu la Mbuga ya Kitaifa, Barabara ya Lang'ata. Kama huna gari, panda matatu za Rongai, 125 au 126, umwambie konda akushushe langoni.

Pesa taslimu iache. Lipa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, mkiwa bado nyumbani, na bei iangalie hukohuko. Maji wekeni kwenye chupa za kujaza, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020.

Sasa, watu huchanganya sehemu mbili, na kila moja ina tiketi yake. Animal Orphanage ilifunguliwa 1964 kulea wanyama yatima na walioumia. Safari Walk ni jirani yake: unatembea juu ya daraja refu la mbao, unapita kinamasi, nyika, kisha msitu. Ukiwa na hela ya sehemu moja tu, na watoto ni wadogo, nakushauri Safari Walk. Mtoto anatembea mwenyewe, hakuna gari wala vumbi, na faru mweupe unamwona vizuri hadi mdomo wake mpana ule, anavyong'oa nyasi kama anafyeka.

Lakini kilichonigusa mimi ni bongo. Jamani, huyu ni swala mkubwa wa msituni, rangi ya udongo mwekundu, mistari myeupe imemshuka ubavuni kama amemwagiwa chokaa. Bongo wa milimani porini wamebaki Kenya peke yake, kwenye misitu kama ya Aberdare na Mlima Kenya, na hawafiki 100. Hawafiki 100! Binti yangu alishika ukingo wa mbao akaanza kuhesabu mistari kwa kidole. Bongo akigeuka, anaanza upya. Tulikaa pale karibu nusu saa, na sikumharakisha.

Fikeni mapema, saa tatu hivi. Sisi tulifika kwa simba jua likiwa utosini, tukaona mgongo tu kivulini, na mtoto wangu mdogo akalia. Tena vyakula vifungeni mkobani, tumbili wa pale wana mikono myepesi kweli.

Binti yangu tangu siku ile akichora mnyama, ni bongo. Mistari lazima iwe 12. Ukimchorea 10, anafuta.