Nyuzi bapa za besi kwa wapenda ska: nimezitumia miezi mitatu

Assalaam aleikum, karibuni tena. Niko Shela, na ni Shela ya Malindi, si ile ya Lamu, maana hakosi mtu wa kuniuliza punda wako wapi. Leo nina seti ya nyuzi bapa za gitaa la besi, za kupigia ska, ule muziki wa dansi wa Jamaika. Unene wake ni 45 hadi 105, yaani elfu za inchi. Kampuni siitaji, hawajaninunulia hata chai.

Uzi wa kawaida umezungushiwa waya wa mviringo, una mikwaruzo. Ukitelezesha kidole unalia "kwii". Huu umezungushiwa utepe wa chuma, laini kama ubapa wa kisu. Sikiliza... Umeisikia? "Dum", basi. Haing'ang'anii.

Na hiyo ndiyo sauti tunayoitafuta. Kule Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lloyd Brevett wa bendi ya The Skatalites alipiga lile besi kubwa la kusimama, kama mnaloliona kwenye taarabu ya Unguja. Noti yake inavimba kisha inakufa. Sisi wenye besi la umeme tunaiga kile kifo.

Sasa muuzaji hatakwambia hili: nusu ya kazi inafanywa na sponji. Kata kipande cha godoro kuukuu, kichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia upande wa mwili wa gitaa. Punguza kitufe cha toni, piga kwa nyama ya kidole, huku juu karibu na shingo. Mfuko ukiwa mkavu anza na hilo, nyuzi utanunua ukijaaliwa.

Subirini kidogo, adhana.

Haya. Vijana wetu wanapotea hapa: anasikia gitaa likipiga "cha, cha" katikati ya mapigo, naye analifuata na besi lake. La! Hiyo "cha" si yako. Wewe tembea, noti moja kila pigo, nne kwa baa (yaani kila mzunguko wa mapigo manne), usisimame. Uko kwenye do? Do, mi, so, la. Wimbo ukihamia fa: fa, la, do, re. Na ukikaribia kuhama kutoka do kwenda fa, ile la ya mwisho ibadilishe iwe mi. Mi ni jirani wa fa, itakusukuma mpaka ndani. Mimi nimekulia kwenye chakacha, mguu wangu unahesabu sita. Kuuzoesha nne kulinichukua wiki mbili, na mke wangu alinihamishia uani.

Ukipunguza mwendo ukaanza kuacha mapengo, umeshaingia rocksteady, mtindo uliofuata ska huko Jamaika mwaka 1966. Tamu, ila hiyo tutaizungumza siku nyingine. Kwa besi la umeme ndani ya ska msikilizeni Horace Panter wa The Specials, bendi ya Uingereza, kuanzia 1979.

Kasoro zipo. Ni ngumu, wiki ya kwanza vidole viliniwaka. Bei nimelipa mara mbili ya zile za kawaida. Halafu kosa langu mwenyewe: uzi mnene niliukata kabla ya kuukunja pale unapoingia kwenye kigingi cha kukazia, utepe ukafumuka, seti ya kwanza ikaharibika. Kunja kwanza, ndipo ukate. Lakini kwa chumvi hii ya bahari, zangu za zamani zilikuwa zikishika kutu baada ya wiki chache. Hizi bado zinang'aa.

Nitawapigia mara mbili, bila sponji, kisha na sponji. Vaeni spika za masikioni, kwenye simu tupu besi hamtalisikia. Moja, mbili, tatu, nne...