Gemu za zamani: ununue mashine ipi?

Wanaozikumbuka gemu za zamani ni wa aina mbili: wanaotaka kuzicheza tu, na wanaotaka mashine yenyewe iwe mbele yao, na padi yake na mlio wake inapowaka. Jijue kwanza wewe ni yupi. Mimi ni wa kundi la pili, na mpangilio huu umeegemea huko.

1. PlayStation 2 iliyotumika

Ilitoka mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 150, kwa hiyo mashine, padi na diski bado zinapatikana. Tena inacheza diski za PlayStation ya kwanza. Unatia diski, unacheza. Hakuna kusubiri gemu ijipakue nusu siku, halafu idai masasisho.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Kinachochoka mapema ni lenzi, na inaweza kusoma aina moja ya diski ikakataa nyingine. Jaribu diski ya PS1 (mgongo mweusi), kisha DVD ya PS2 (mgongo wa fedha), na uziache zicheze kwa muda, si kuishia kwenye menyu. Ulizia na memori kadi: ya PS2 ina megabaiti 8, lakini gemu za PS1 hazisevu humo, zinataka kadi yao.

Halafu TV. Ukipata TV ya chogo, ichukue. TV bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, ndiyo maana unabonyeza kuruka na mchezaji anaruka akiwa ameshatumbukia shimoni. Kuwasha mpangilio wa gemu kwenye TV hupunguza tatizo. Zile bastola za kulenga ndege, usijisumbue: zinategemea mwanga wa chogo, kwenye TV bapa hazioni kitu.

2. Matoleo ya kidijitali kwenye mashine uliyonayo

Kama shida yako ni kucheza tu, hii iwe ya kwanza. Kwa kompyuta, duka la mtandaoni la GOG limekuwa likiuza gemu za zamani tangu 2008, na faili unabaki nalo. Mengi ya matoleo haya hukuruhusu kusevu popote, na utashukuru, maana gemu zile hazikuwa na huruma. Sisi tulikuwa na muda tu. Jihadhari na za usajili: ukiacha kulipa, zimekwenda. Maduka nayo hufungwa. Nintendo ilisitisha mauzo ya kidijitali ya mashine zake za 3DS na Wii U Machi 2023.

3. Mashine ndogo za kumbukumbu

Hizi ni nakala ndogo za mashine za zamani, gemu zikiwa ndani tayari. SNES Classic ya 2017 (gemu 21) na Mega Drive Mini ya 2019 (gemu 42) zinafaa. NES Classic ya 2016 ina gemu 30 nzuri, lakini waya wa padi mfupi mno. PlayStation Classic ya 2018 iruke: kati ya gemu zake 20, tisa ni matoleo ya Ulaya ya hezi 50, yanayokwenda polepole, na Tekken 3 inayokokota miguu ni dhambi. Zikiwa mkononi mwa muuzaji wa mitumba, kagua vizuri, bandia ni nyingi.

4. Vile vidude vya "gemu elfu moja ndani"

Majina yanajirudia, leseni hakuna. Mnunulie mtoto mdogo, basi.

Kaseti za gemu za zamani sijazipanga, ila ukinunua inayosevu, ulizia betri ya ndani. Nyingi zimekufa, kuibadilisha kunataka kulehemu, na kilichosevuliwa humo hufutika.