Uzoefu wangu na diski ya Straight Shooting (1917): mtazame Harry Carey

Kama unapenda picha za kauboi na hujawahi kumwona Harry Carey akifanya kazi, diski hii ya Blu-ray ndiyo pa kuanzia. Ndugu yangu aliniletea kutoka Marekani, na tangu ifike haijapata nafasi ya kukaa kabatini. Naiazima kwa watu, inarudi, natazama tena.

Picha yenyewe ni ya mwaka 1917, haina sauti, ina muda wa saa moja na dakika chache. Ndiyo picha ndefu ya kwanza ya John Ford, aliyeiongoza akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu pale kampuni ya filamu ya Universal. Kampuni ilitaka kipicha kifupi cha reli mbili, yaani magurudumu mawili ya mkanda wa filamu, yeye akaleta reli tano. Kwa miaka mingi watu waliamini imepotea kabisa, hadi nakala ilipopatikana kwenye hifadhi ya filamu huko Czechoslovakia. Usafishaji uliofanywa ni wa hali ya juu. Unaona vumbi linavyotimka kwenye kwato, unaona mikunjo ya shati, na unaona macho ya Carey, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kisa ni kile cha wenye mifugo na wakulima kugombea maji na ardhi. Cheyenne Harry, yaani Carey, anaingia kwa namna ambayo sijaiona kwingine: kuna tangazo la kumsaka limebandikwa kwenye mti, halafu yeye mwenyewe anachomoza kutoka kwenye uwazi wa shina la mti. Steringi gani anatambulishwa hivyo! Ni mtu wa kukodiwa, na wafugaji wamemkodi awafukuze wakulima. Anapofika kwao anawakuta wanamzika kijana wa nyumba ile. Carey hafanyi vituko. Waigizaji wengi wa enzi zile walipiga vifua na kurusha mikono juu ili hata wa kiti cha nyuma aelewe. Yeye anasimama tu. Uso ule mgumu unalegea kidogokidogo, na kabla maandishi hayajatokea kwenye skrini umeshajua kwamba mtu huyu hawezi tena kuifanya kazi aliyolipwa kuifanya. Hapo nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikamtazama upya.

Baadaye anakutana barabarani na Placer Fremont, mtu waliyekuwa wakinywa naye pamoja, na safari hii ni mmoja tu atakayebaki hai. Kamera inasogea hadi karibu kabisa na nyuso zao. Miaka mingi baadaye Waitaliano waliotengeneza picha za kauboi walisifiwa sana kwa mtindo huo.

Kinachonigusa ni kwamba Carey hakuzaliwa porini. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1878, baba yake jaji. Aliandika mchezo wa jukwaani ulioitwa Montana, akazunguka nao miji mbalimbali, kisha akaingia kwenye picha za mwongozaji D. W. Griffith. Kufikia Straight Shooting anakaribia miaka arobaini, na sura imeshachongwa na jua. Wakati makauboi wengine wa picha za enzi hizo, kina Tom Mix, wanang'aa kwa mavazi ya maonyesho, yeye anavaa nguo zilizochakaa kama mtu aliyelala nazo njiani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kumjua. Mwaka 1929 kampuni ya filamu ya MGM ilimleta huku kupiga picha ya Trader Horn, yeye akiwa Horn, iliyotoka 1931, na sehemu yake ilipigwa kwenye maporomoko ya Murchison, Uganda. Nimeitazama pia. Siipendekezi kwa moyo mmoja: inawachora Waafrika kama washenzi, na namna wanyama walivyotendewa inaumiza. Lakini Renchero, mbeba bunduki wa Horn, anayeigizwa na Mutia Omoolu, anapokufa mikononi mwa Horn, Carey anamshika kwa upole ambao picha nzima haikuwa nao. Ni yeye na Mutia waliouleta.

Uzeeni alipewa nafasi ndogo, na hazikumwangusha. Kwenye picha ya Mr. Smith Goes to Washington ya 1939 anakaa kwenye kiti cha kuongoza Seneti, haongei sana, anamtazama James Stewart akihangaika na anaficha tabasamu. Kwa kukaa huko tu akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Alifariki 1947.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye diski hii: jinsi anavyoushika mkono wake mmoja kwa mwingine, karibu na kiwiko, anapokuwa amesimama akiwaza. John Wayne, nyota wa picha za kauboi, aliiga ishara hiyohiyo mlangoni mwishoni mwa picha ya Ford iitwayo The Searchers, 1956, kwa heshima ya Carey, na Olive, mjane wa Carey, alikuwemo kwenye picha hiyo. Ukishaijua, utaiona kila mara.

Kasoro zipo. Maandishi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza tu, kwa hiyo mama yangu alinihitaji pembeni nimsomee, ingawa mambo mengi aliyaelewa mwenyewe kutokana na sura. Muziki umetungwa upya, na mahali pengine unasukuma huzuni kuliko Carey anavyohitaji. Nikiwa peke yangu napunguza sauti. Hakikisha pia deki yako inasoma diski za Marekani kabla hujatoa pesa.

Ukiipenda, tafuta na Hell Bent ya 1918, ya Ford na Carey haohao. Ina vichekesho zaidi, na Harry anaingia baa akiwa juu ya farasi.